Chifu Burito wa Butiama: kiti alichopewa na Mjerumani, mwanawe akakifuta

Ukitoka Tarime kwa basi la Musoma, unavuka daraja la Kirumi juu ya mto Mara, kisha ukifika Makutano unakata kushoto kuelekea Butiama. Ukitoka Mugumu, barabara ya Nata inakufikisha huko huko. Wengi wanaofika Mwitongo, Butiama, wanakwenda kuona kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Hapo hapo Mwitongo amezikwa baba yake, na mama yake pia. Wageni huyapita makaburi hayo haraka, pengine kwa kupiga picha moja tu.

Leo tunasimama kwenye makaburi hayo mawili. Huyu baba alikuwa nani? Alipataje uchifu? Aliwezaje kuwa na wake 22, na mji wa namna hiyo uliendeshwaje? Na ilikuwaje mwanawe mwenyewe, alipokuwa Rais, akasimamia kufutwa kwa kiti kile kile alichokikalia baba yake?

Msikilizaji wetu wa Tarime na Serengeti anaweza kusema hayo ni mambo ya Wazanaki. Ukisoma hadi mwisho utaona yanagusa pia mji wa babu yako.

Jina lililotoka kwa viwavi

Jina kamili la mzee huyu ni Nyerere Burito. Inakadiriwa alizaliwa mwaka 1860. Inasimuliwa kwamba wakati wa kuzaliwa kwake eneo lilivamiwa na viwavi, wale wanaomaliza majani ya shamba kwa siku chache, na kwa Kizanaki jina Nyerere linatokana na wadudu hao. Mkulima yeyote wa Mara aliyewahi kuamka asubuhi akakuta viwavijeshi kwenye mahindi yake anaelewa kwa nini watu wangeukumbuka mwaka huo hata kumpa mtoto jina lake.

Kwa hiyo jina linalosomeka leo kwenye barabara, shule na uwanja wa ndege lilianza kama kumbukumbu ya njaa inayokuja. Ili tusichanganye baba na mwana, katika makala haya baba tutamwita Chifu Burito, na mwana tutamwita Mwalimu.

Uchifu ulitoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tunadhani machifu wa Mara walikuwepo tangu zamani, baba akimrithisha mwana. Kwa jamii nyingi za mkoa huu haikuwa hivyo.

Chukua Wakurya. Kabla ya wakoloni, Mkurya hakuwa na mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti na kuamuru koo zote. Mambo yaliamuliwa na wazee. Kulikuwa na iritongo, mkutano wa wazi ambako kesi ilisikilizwa na kila mwanaume mwenye heshima alikuwa na haki ya kusema. Kulikuwa na inchama, baraza la siri la wazee wachache waliolinda mila na usalama wa jamii. Na kulikuwa na marika yaliyopanga nani ni kijana wa kulinda ng'ombe na nani ni mzee wa kutoa hukumu.

Wazanaki nao walikuwa na marika yao, wazee wao na waganga wa mvua walioheshimiwa sana. Ni moja ya makabila madogo ya nchi hii, na hata hivyo hawakuwa chini ya mtu mmoja. Waligawanyika katika maeneo kadhaa, kila eneo na wakubwa wake.

Wajerumani walipofika walikuta hali hiyo ikiwasumbua. Walikuwa na kituo Shirati, na ngome Ikoma ambayo magofu yake bado yapo Serengeti. Lakini askari wachache hawawezi kukusanya kodi nyumba kwa nyumba, wala hawawezi kuzungumza na baraza zima la wazee kila wanapotaka vibarua wa barabara. Walitaka mtu mmoja wa kumwita, kumwagiza, na kumwadhibu kazi isipofanyika. Mahali ambako mtu huyo hakuwepo, walimteua.

Mwaka 1915 Wajerumani walimweka Burito kuwa chifu. Alikuwa na umri wa miaka 55 hivi, mtu mzima mwenye mji na mifugo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imekwisha kuanza, na muda si mrefu Wajerumani waliondoka Mara. Waingereza walioingia baada yao hawakumwondoa. Walimthibitisha, na akakikalia kiti hicho hadi kifo chake, jumla ya miaka 27.

Kumbuka jambo hili: uchifu wa Burito ulitolewa na serikali. Hakuwa mfalme wa Wazanaki wote, wala hakurithi himaya kubwa. Alikuwa mzee mwenye heshima aliyepewa kiti na watu waliotaka kazi yao ifanyike.

Kwa nini Waingereza waliwapenda machifu?

Gavana aliyeujenga mfumo huo Tanganyika aliitwa Sir Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931. Hilo neno "Sir" mbele ya jina lake linatueleza kitu. Ni cheo cha zamani cha Kiingereza. Miaka 600 iliyopita kilibebwa na askari wapanda farasi ambao walishikilia ardhi kwa utumishi wao kwa bwana mkubwa au mfalme. Kufika miaka ya 1400, wengi wao hawakuwa watu wa vita tu. Walisikiliza kesi katika wilaya zao na kuwakilisha watu wao bungeni. Mtoto wa kwanza wa kiume alirithi ardhi ya baba. Wadogo zake walitafuta njia nyingine: kanisa, sheria, biashara au jeshi.

Watu waliokulia katika nchi yenye historia hiyo hawakuona ajabu kutawala kupitia familia kubwa za mashambani. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu wa Tanganyika mamlaka rasmi ya kusimamia watu wao kwa niaba ya serikali. Chifu alisimamia kodi, alisikiliza kesi za mila na kupeleka amri za mkuu wa wilaya vijijini. Kwa kazi hiyo alilipwa.

Kwa hiyo chifu alikuwa na mabwana wawili. Kodi ikipanda, ni yeye aliyesimama mbele ya ndugu zake na kuwaambia walipe. Wasipolipa, ni yeye aliyeulizwa na mzungu. Katika maeneo ya Wakurya pia machifu waliwekwa kwa utaratibu huo huo, na kukaa katikati namna hiyo hakukuwa kazi nyepesi.

Mji wa wake 22

Chifu Burito alikuwa na wake 22 na watoto zaidi ya 20. Msikilizaji kijana anaweza kucheka au kushangaa. Tueleze mji kama huo ulivyoendeshwa.

Katikati palikuwa na zizi la ng'ombe, na nyumba ya duara ya mwenye mji. Kuzunguka zizi zilikaa nyumba za wake. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na mtoto alikula na kulala kwa mama yake. Mwalimu alikulia nyumbani kwa mama yake, akimsaidia kulima mtama, mahindi na mihogo, na akichunga mbuzi na ng'ombe na wavulana wenzake.

Wakurya wanaujua vizuri mpango huu wa "nyumba". Mji ni wa baba, lakini nyumba ni ya mama. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huhesabiwa kwenye nyumba ya mama yake, ili kaka yake wa tumbo moja naye apate cha kuolea. Mtu mwenye wake wengi alikuwa na nyumba nyingi ndani ya mji mmoja, kila moja na hesabu yake, madai yake na wivu wake.

Sasa fikiria mji wa chifu. Watu wanakuja na kesi, wanakuja na kodi, wanakuja na salamu. Mgeni hakai njaa. Ugali huo na pombe hiyo havikutoka kwenye mshahara wa serikali. Vilitoka kwenye majembe na mawe ya kusagia ya wanawake. Heshima ya mji mkubwa ilijengwa juu ya kazi yao.

Mwalimu alilijua hili, na alilisema baadaye. Alipoandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967 aliisifu jamii ya zamani kwa kushirikiana, lakini akakiri kwamba ilikuwa na kasoro, na mojawapo ni kwamba wanawake walibeba kazi kupita sehemu yao. Aliyeandika hivyo alikuwa mtoto aliyemsaidia mama yake kulima katika mji wa wake 22.

Mke wa tano

Mama huyo aliitwa Mugaya wa Nyang'ombe. Inakadiriwa alizaliwa 1892, akaolewa 1907 akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Burito alikuwa anakaribia miaka 50 na hakuwa chifu bado. Mugaya alikuwa mke wake wa tano. Alizaa watoto 8, na wawili kati yao walifariki wakiwa wachanga.

Aprili 1922 alimzaa mvulana. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mtembezi. Kisha, kwa ushauri wa mganga, akabadilishiwa jina akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa hiyo baba alikuwa na jina la viwavi wanaomaliza shamba, na mwana akapewa jina la mvua inayolirudisha.

Hapa tusimame kidogo kwenye ile miaka 15. Mwaka 1971, Mwalimu akiwa Rais, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilimtaka mvulana awe na miaka 18, lakini iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Ni umri ule ule aliokuwa nao Mugaya mwaka 1907. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo na kutaka umri uwe 18 kwa wote.

Hivyo unapomsikia mzee wa Tarime au Serengeti akisema "hata bibi zetu waliolewa wadogo", anasema kweli. Lakini bibi hao hawakuulizwa. Na mtoto maarufu kuliko wote aliyezaliwa na mmoja wao alikiri mwenyewe kwamba mzigo wa wanawake haukuwa wa haki.

Mtoto asiyetazamiwa kurithi

Katika mji wenye watoto wengi namna hiyo, mtoto wa mke wa tano hakuwa wa kwanza kutazamwa kama mrithi. Kaka yake wa baba mmoja, Wanzagi, alikuwa mkubwa wake. Kambarage alichunga.

Inasimuliwa kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, jirani na rafiki wa mji huo, alimwona kijana akicheza bao, akashangazwa na akili yake, akamshauri baba ampeleke shule. Serikali ya kikoloni nayo iliwahimiza machifu kusomesha watoto wao wa kiume. Ilitumaini kwamba watoto hao wakisoma wataulinda mfumo wa machifu, na hawatazuka wasomi wengine wa kuipinga serikali.

Februari 1934, Kambarage akiwa na miaka 12 hivi, alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Alilala huko huko, maana kutoka Butiama ni mwendo wa zaidi ya kilometa 30. Alifika akijua Kizanaki, na Kiswahili alikipata shuleni. Alifaulu vizuri, na mwaka 1937 akapelekwa shule ya serikali Tabora, iliyokusudiwa hasa kwa watoto wa machifu.

Wakati huo huo baba yake alifanya kile ambacho baba wa wakati ule alipaswa kufanya: alimtafutia mchumba, mtoto wa kike wa miaka michache tu. Mpango huo haukuendelea. Januari 1953 Mwalimu alifunga ndoa ya kanisani Musoma na Maria Gabriel, Msimbiti wa Baraki. Siku hizo Baraki ilikuwa katika wilaya ya North Mara, ambayo makao yake yalikuwa Tarime. Leo iko Rorya. Kwa hiyo mke wa Mwalimu, Mama Maria, ni binti wa upande wetu huu wa mto.

Machi 1942

Tarehe 30 Machi 1942, Chifu Burito alifariki akiwa na miaka 82 hivi. Mwanawe alikuwa Tabora, mwaka wa mwisho wa shule. Aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake, akakataliwa.

Katika mila zetu, mtoto wa kiume asiyefika kwenye mazishi ya baba ana deni. Kijana huyo alibaki darasani mamia ya kilometa kutoka nyumbani, na kule Butiama mji ukaendelea bila yeye. Uchifu ulikwenda kwa Wanzagi, ambaye alijulikana kama Chifu Edward Wanzagi Nyerere.

Kambarage alipata kitu kingine. Mwaka 1943 aliingia Makerere, na Desemba mwaka huo akabatizwa Mkatoliki, akachukua jina Julius. Alifundisha Tabora, akasoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akiwa rais wake. Mwaka uliofuata aliacha ualimu na kurudi Butiama kwa miezi kadhaa kabla ya kuingia kwenye siasa moja kwa moja.

Mpango wa wakoloni ulikuwa umewageukia. Walisomesha watoto wa machifu ili mfumo wao udumu. Mmoja wa watoto hao akausoma mfumo wenyewe, akaona mahali ulipo dhaifu.

Sheria ya 1963

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri, Mwalimu akiwa Rais. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa. Chifu akapoteza mamlaka ya serikali na mshahara wake. Mwaka huo huo sheria mpya ya mahakama iliziweka mahakama za mwanzo, hizi unazozijua leo, mahali pa mabaraza ya machifu. Kazi nyingine zikaenda kwa halmashauri na kwa watendaji.

Sababu zilikuwa tatu kubwa. Kwanza, machifu walikuwa mikono ya mkoloni katika kukusanya kodi na kuamrisha kazi, na wananchi wengi hawakusahau. Pili, nchi yenye makabila zaidi ya 120, kila moja na wakubwa wake, ilikuwa vigumu kuifanya taifa moja. Tatu, mtu hawezi kuhukumu kesi, kukusanya kodi na kutunga amri peke yake, halafu watu waseme wana demokrasia.

Sheria hiyo haikuchagua. Iliwakuta machifu wenye historia ndefu kama wa Unyanyembe na wa Wahehe, na iliwakuta wale waliowekwa na serikali majuzi tu. Baadhi yao walipata kazi nyingine ya taifa. Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Na iliwakuta watu wa Butiama. Aliyekuwa chifu mwaka huo ni Edward Wanzagi, kaka yake Rais. Kiti kilichotolewa na serikali ya Kijerumani kwa baba mwaka 1915 kilifutwa na serikali ya mwana baada ya miaka 48. Rais angeweza kutafuta namna ya kuuacha mji wa kwao. Hakufanya hivyo.

Kilichobaki

Angalia kilichobaki baada ya sheria hiyo. Kule Butiama, ukoo ulibaki, na makaburi yakabaki. Mwalimu mwenyewe alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 alirudishwa kuzikwa Mwitongo, kwenye ardhi ya baba na mama.

Na huku kwetu, hakuna chifu wa serikali tena, lakini iritongo bado lipo. Wazee wa mila bado wanaitwa panapotokea ugomvi wa koo, na hata viongozi wa wilaya huwafuata wanapotaka jambo likubalike. Wazee hao hawakuwekwa na sheria ya mkoloni, na kufutwa kwa sheria hiyo hakukuwaondoa. Lakini heshima hiyo inadai wajibu. Wazee wanaosikilizwa ndio wanaoweza kusema kwamba binti wa miaka 15 abaki shule, na wakasikilizwa.

Tumemaliza na ombi dogo. Habari za Chifu Burito tunazijua kwa sababu mwanawe alikuwa mtu mkubwa na watu wakaja kuuliza. Mji wa babu yako nao una habari kama hizo: nani alikuwa mzee wa ukoo Wajerumani walipofika, nani aliteuliwa kukusanya kodi, bibi aliolewa na umri gani na kwa ng'ombe wangapi, nani alipelekwa shule na nani alibaki kuchunga. Chukua simu yako, kaa na mzee wako jioni, bonyeza kitufe cha kurekodi, umwulize. Anza na jina lake: alipewa kwa sababu gani?